Uso wa Bakuli

Bibi Sachiko, mzee wa Kijapani ambaye Nzigire alimtunza hadi kifo, alimwachia bakuli lake la chai la udongo mweusi. Alikuwa amemfundisha utaratibu wake: mwenyeji humwelekezea mgeni uso wa bakuli, penye alama ya kidole cha mfinyanzi, na mgeni huugeuza kando kabla ya kunywa, kwa heshima.

Nyumbani kwake, mtaani Highview, Nzigire akalifanya la uji. Kila jioni aliligeuzia uso ukutani. Kila asubuhi alilikuta linamtazama. Alimgombeza binti yake, Jolie, akidhani ndiye anayeligeuza, bure.

Leo, Jolie akiwa ameshaenda shule, uvumilivu ulimwishia. Alilijaza chai ya maziwa, akalielekeza kwenye kiti kitupu.

"Bon, haya Bibi, karibu. Kunywa basi."

Akaenda kuvaa sare ya kazi. Aliporudi, chai ilikuwa imepungua, na uso wa bakuli umegeuzwa kando, kwa heshima.