Feni ya Mbele, Feni ya Nyuma

Jumamosi asubuhi kompyuta ya Désiré ilizima kwa mara ya tatu, na ilizima pale pale ilipozima mara mbili za kwanza: asilimia sitini na moja ya kuunganisha video. Haikulia wala kutoa onyo. Kioo kikawa cheusi ghafla, na ndani ya weusi ule Désiré akajiona mwenyewe, macho mekundu, ndevu za wiki tatu.

"Tena?" aliuliza Henriette, mkewe, akiwa amekaa kitandani. Chumba chao cha Cato Manor kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo kila kilichoharibika kiliwaharibikia wote wawili.

"Tena. Ina-chauffer. Gusa uone, unaweza kupikia yai."

Feni pekee ya nyumba, ile ya kusimama, ilikuwa imegeuziwa kompyuta tangu Alhamisi. Henriette alijipepea kwa kifuniko cha ndoo. Februari ya Durban haina adabu: nguo zilizofuliwa juzi zilikuwa bado mbichi kwenye kamba, na mtu akitoka kuoga hajui amalize kujifuta maji au aanze kujifuta jasho. Mwanamke mwingine angekwisha kuitupa mashine ile dirishani, na nani angemlaumu? Henriette aliivumilia, kwa sababu alijua kilichokuwa ndani yake.

Siku za kazi Désiré alikuwa kwenye kiwanda cha plastiki kule Jacobs. Mwisho wa wiki alipiga video: harusi, ubatizo, na zaidi ya yote mazishi, maana watu wa kwao walikuwa wanafia mbali na ndugu zao, na ndugu hao walitaka kuona. Kwa miaka sita alikuwa amewapelekea watu wa Uvira, Bukavu na Bujumbura wapendwa wao kwa njia ya mtandao. Alijua kazi, na mkono wake haukutetemeka. Video hii iliyokuwa inamgomea ilikuwa ya mdogo wake, Papy.

Papy alikuwa kinyozi. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, mashine ya kunyolea ingali inanguruma mkononi, mteja nusu kichwa kimenyolewa nusu bado. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Walimzika hapa hapa Durban, kwa sababu kumrudisha ilikuwa haiwezekani. Ilipofika wakati wa kutafuta mtu wa kushika kamera, watu wote walimwangalia Désiré, naye akaishika.

Shida ilikuwa mama yao. Kule Uvira bibi huyu wa miaka sabini na miwili alikataa katakata kwamba Papy amekufa. Alisema mtoto yuko gerezani na watu wanamficha asijue. Hakuruhusu mkeka wa matanga utandikwe, na waliokuja kumpa pole aliwafukuza. Désiré alipomtumia picha za simu alizicheka.

"Picha za simu zinadanganya," alisema. "Si ule ndugu yetu alipiga picha na motokari ya muntu, akasema ni yake? Nataka kuona yote, toka kanisa mpaka kaburi. Nyuma ndio nitajua."

Na kama hataona? Hapo ndipo palipomkosesha Désiré usingizi. Mama alikuwa amekwisha kupata mtu wa kununua kiwanja chake. Angepanda basi Jumatatu, apite penye vita na pasipo na vita, avuke mipaka yote mpaka Durban, amtafute Papy gereza kwa gereza. Mtu asiyemjua angesema ni maneno ya uchungu tu. Désiré alimjua. Mjukuu wa mama, Elysée, anayekaa naye Uvira, alimwomba asubiri siku moja tu, Jumapili: amekodi televisheni kubwa, ataweka video, bibi aone. Ikishindikana Jumapili, basi tena.

Kwa hiyo Désiré alipanda taxi kwenda mjini, hana hata nguvu ya kushika nauli, akaenda kwa Atupele. Atupele alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa Mbeya, mwenye kimeza kimoja kwenye jengo la maduka ya simu, na mdomo ambao haukupumzika.

"Mashine yako inakosa pumzi, kaka," alisema, akamtolea feni mbili ndogo za mraba, kila moja ukubwa wa kiganja. "Ndani ya kasha una nafasi ya kuongeza hizi. Sikiliza vizuri. Hii mbele, iangalie ndani. Hii nyuma, iangalie nje. Mshale upo hapo ubavuni, unaonyesha upepo unakoelekea. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada. Sharp."

Wateja watatu walikuwa wanamwita Atupele kwa pamoja, na Désiré alikuwa amechoka hoi. Aliondoka bila kuuliza zaidi.

Nyumbani alifungua kasha kwa bisibisi, akafanya sawasawa na alivyoambiwa. Nyuma ya kompyuta palikuwa na tundu la feni. Akaanza na ile moja, mshale ukiangalia ndani, akaikaza kwa skrubu. Halafu akaifuatisha ya pili mgongoni mwa ile ya kwanza, kwa nje, akaifunga kwa vikamba vya plastiki, mshale ukiangalia nje. Akawasha. Feni zote mbili zikavuma kwa bidii, na kwa mara ya kwanza wiki ile Désiré akatabasamu.

Mashine ilizima kwenye asilimia arobaini na nne.

Hakutukana. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono imelala mapajani, akaona kwamba hata hasira imemwishia. Saa sita na nusu mchana. Kazi yote ilitaka saa nne, kisha kuituma, na Elysée alihitaji usiku kuipokea kwa mtandao wa kule.

"Piga picha, mutumie ule fundi," Henriette alisema.

Aliituma, na haikupita dakika moja, Atupele akapiga simu.

"Kaka Désiré, hiki ni nini umenifanyia? Feni moja inaingiza hewa, nyingine inaitoa hapo hapo! Zinanyang'anyana! Nilikwambia hii mbele!"

"Njo nimeiweka mbele, dada. Nimeiweka hii mbele, nyuma nikaweka ile ingine."

"Zote ziko nyuma!"

"Ndiyo. Lakini hii ndio ilikuwa mbele."

Atupele akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akakohoa.

"Ngoja. Kwenu nyie, mbele ni kwanza?"

"Si mbele ni mbele? Muntu ananawa mbele, nyuma anakula."

"Yaani ananawa kwanza, kisha anakula! Mimi nilisema mbele, kaka, usoni kwa mashine! Pale penye kitufe cha kuwashia! Hewa baridi iingie usoni, ya moto itokee mgongoni!"

Henriette alicheka pia, akaficha mdomo kwa kifuniko chake cha ndoo. Désiré alitaka kucheka lakini kicheko hakikupata njia.

Alibandua uso wa plastiki wa kompyuta. Nyuma yake vumbi la miaka sita lilikuwa limeganda kama blanketi, na chini ya vumbi palikuwa na nafasi ya feni, tupu, inasubiri tangu kiwandani. Alilisugua vumbi kwa brashi ya rangi, akaweka feni moja pale, mshale ndani. Ile nyingine akaiacha peke yake mgongoni, mshale nje. Akawasha, akaweka kiganja nyuma ya kasha, akasikia upepo wa moto ukitoka mfululizo. Mashine ilikuwa imepata pumzi.

Akaianzisha video upya, akakaa kuitazama. Ilipofika hamsini na tano, Henriette akaja kusimama nyuma yake. Sitini. Sitini na moja ilikuwa pale sanduku linapofunguliwa kanisani na uso wa Papy unaonekana, umenyolewa vizuri na wenzake wa saluni. Mara tatu mashine ilikuwa imekatia hapo, na mara tatu Désiré, katikati ya hasira, alikuwa ameshukuru kidogo.

Sitini na mbili.

Uso wa mdogo wake ulipita. Ikaja safari ya makaburini, wakaja wanawake wa kanisa na shada zao, likaja shimo. Na pale sanduku lilipoanza kushuka, picha ilitikisika. Ilitikisika mpaka watu wakawa vivuli. Désiré alijua angeweza kukikata kipande kile, kwa video ya mtu mwingine angekikata bila kufikiri mara mbili. Lakini mashine ilikuwa imefika themanini na nane, naye hakuwa na moyo wa kuanza upya.

"Tangu siku ile haujakaa chini," Henriette alisema.

"Si nimekaa?"

"Umekaa kwa mashine."

Saa kumi na moja jioni kazi ilikamilika, na kabla ya kulala Elysée aliandika kwamba ameanza kuipokea.

Jumapili hawakwenda kanisani. Mchana, saa tisa, simu ikalia. Désiré alisikia sauti za wanawake wengi wakilia, akajua mkeka umetandikwa. Kisha ikaja sauti ya mama yake, kavu, imechoka kuliko yake.

"Nimemuona," alisema. "Njo yeye. Ni mutoto yangu. Banamunyoa muzuri."

"Ndiyo, mama."

"Nimeona Henriette. Nimeona pasteri. Nimeona bantu bote ya saluni. Wewe sikukuona. Nikauliza Elysée, Désiré hakuenda kuzika mudogo wake?"

"Nilikuwa, mama. Mimi njo nilikuwa nashika kamera."

Désiré alisikia mtu akimwambia mama akae, naye akikataa.

"Pale kwa shimo picha ilitetemeka," alisema.

"Ndiyo, mama. Pardon."

"Ni wewe ulikuwa unatetemeka."

"Ni mimi."

"Papy walimushika bantu sita. Henriette walimushika wamama. Kamera uliishika wewe. Na wewe, Désiré, nani alikushika?"

Désiré alitafuta jina. Alipitisha macho katika siku ile yote, kanisani mpaka kaburini, na alikuwa ameiona mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Hakupata jina.

"Weka simu ya sura," mama alisema. "Toka kule nyuma ya kamera yako. Kuja mbele, mutoto yangu, nikuone mbele. Nyuma tutalia."

Aliegemeza simu kwenye kompyuta, akavuta kiti, akakaa mahali ambapo kamera ingemwona. Uso wa mama ulijitokeza, kitambaa cheusi kichwani. Désiré alimwamkia kwanza, kisha akalia. Henriette aliinuka, akaigeuza feni ya kusimama kutoka kwenye mashine, akamwelekezea mumewe, kisha akamshika mabega kwa mikono miwili.