Betri ya Babu

Duka la vifaa vya sola lilikuwa na betri za aina tatu, na mzee, dereva mstaafu wa basi la shule, alizizunguka kama anayekagua matairi kabla ya safari. Ya lithiamu ilikuwa nyepesi kama begi la mtoto, lakini bei yake ilimfanya ajikune kisogo. Ya pili ilikuwa ya gari, imeshatumika, kwa bei ya kutupa.

"Hiyo usiiguse, mzee wangu," muuzaji alisema. "Kazi yake ni kuwashia injini tu. Ukiikamua usiku kucha, wiki mbili imekufa. Mashine yako inakula kiasi gani?"

Mzee akatoa karatasi. Alikuwa amenakili namba zote za mgongoni mwa mashine yake ya kupumulia, ile anayoivaa kila anapolala, maana bila hiyo koo hujifunga usingizini na pumzi ikakatika.

Muuzaji akaisoma. "Zima kipasha-maji chake kinachotia hewa unyevu, na usipitishe kwenye inveta ya kugeuza umeme, inakula chaji bure; unga waya moja kwa moja. Hapo hii ya tatu itakufikisha asubuhi."

Ya tatu ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Aliinunua.

Kila mwaka wanawe wawili walikwenda kupiga kambi na watoto wao, na kila mwaka walimwambia, "Baba, kule hakuna umeme, utateseka bure." Safari hii mjukuu wake wa kike wa miaka saba alimshika mkono: "Babu, ulale na mimi kwenye hema. Mara moja tu." Akamwahidi.

Aliijaribu betri sebuleni mchana kweupe, mapazia yamefungwa, barakoa usoni. Mkewe akapita na ufagio.

"Mume wangu, unakwenda kambini au mwezini?"

Saa tisa zilipita, na taa moja kati ya nne za kuonyesha chaji ya betri bado ilikuwa ya kijani. Akampigia simu mwanawe mkubwa.

"Betri? Kubwa?" mwanawe aliuliza. "Aa, Baba, hapo sasa umesema! Twende."

Mzee alikata simu huku machozi yakimlengalenga.

Gari la kukodi liliwashusha kambini, likaondoka, lirudi kesho yake. Mzee akaiweka betri, aliyoijaza tena chaji, hemani, kando ya godoro la mjukuu, akaifunika kwa koti lake. Kisha wawili hao wakaenda kuokota kuni, mjukuu akiimba njia nzima.

Waliporudi walipokewa na muziki. Betri ilikuwa nje, imechomekwa friji ndogo ya vinywaji, spika na simu nne.

"Baba katuletea umeme!" mwanawe mkubwa alipaza sauti, kopo mkononi.

Taa moja tu ilikuwa imebaki, nayo nyekundu.

"Ile ni ya mashine yangu," mzee alisema.

"Si usiku mmoja tu, Baba? Umetulea miaka yote ukikoroma bila hilo bomba, na mbona hukufa?"

Mdogo akacheka. Mzee, ambaye zamani alinyamazisha watoto sitini kwa kuwatazama tu kwenye kioo, alifungua kinywa. Mjukuu alikuwa anamwangalia. Akakifunga. Hakutaka aikumbuke safari hii kwa ugomvi, wala ashtuke gizani asikie pumzi ya babu yake ikikatika.

"Babu atakaa nje," alimwambia. "Alinde moto."

"Uliahidi," mtoto alisema, akaingia hemani peke yake.

Madereva hujua kulala wameketi. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, koti mabegani, akizinduka kila kichwa kilipoanguka.

Asubuhi mwanawe mkubwa alimpiga bega. "Umeona? Umeamka mzima! Ila mwakani ununue kubwa zaidi, Baba. Friji ilizimika mapema mno."

Mjukuu alitoka hemani amekumbatia mto wa babu yake. Haukuwa na hata mkunjo.

"Nilikuwekea nafasi," alisema.

"Najua, mama."

Gari lilipofika, wanawe walibeba friji, mmoja huku, mwingine huku. Mzee akainama, akaiinua betri peke yake. Ilikuwa imekauka kabisa, lakini uzito wake haukuwa umepungua hata kidogo.