Menueti Iliyohamia D

Siku ya Mtakatifu Martini kasri zima hunukia bata bukini wa kuoka, lakini mwaka ule sikuwa na hamu hata ya kumtazama. Siku mbili kabla, jino langu la mbele lilibaki ndani ya donge la unga lenye tunda la plamu alilopika mke wangu, Apolena. Alikuwa amesahau kutoa kokwa.

"Baba Rozina, nisamehe," alisema.

"Wewe nimekusamehe. Mtukufu je, atanisamehe mimi?"

Mdomo wa mpiga baragumu kama mimi huegemea meno. Jino la mbele likienda, noti za juu huenda nalo. Na Mtukufu, mwenye kasri letu, si mtu wa kudanganywa katika muziki, kwa kuwa anapiga cello, ile fidla kubwa, mwenyewe. Majira ya baridi yaliyopita mpiga filimbi ya obo alianza kutetemeka vidole. Alivuliwa koti la buluu la kasri pale getini, akaondoka kwenye theluji na shati tu. Nami nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Koti, nyumba na kuni zangu vyote ni vya kasri. Nikaamua kufunga mdomo.

Nilifika salama mpaka mazoezi ya asubuhi ya sikukuu. Tulikuwa na simfonia mpya ya Bwana Vondra, mkuu wetu wa muziki, katika ufunguo wa A, yaani sauti zake zimejengwa juu ya noti A. Menueti, sehemu yake ya tatu yenye mwendo wa dansi, ilikwenda haraka kwa furaha ya kurukaruka, na katikati yake mabaragumu mawili hupanda juu peke yao. Nikapanda. Kwenye noti ya juu kabisa nikatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mguu.

"Baridi hii," nikasema. "Shaba haijapata moto."

"Baridi gani hiyo inayochagua baragumu?" akauliza Řehoř, mpigaji wa pili. "Mbona langu limepona?"

Bwana Vondra alinitazama mdomoni. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kumsikia mtu huyu akimsifu mtu wala akikiri kosa. "Mazoezi yamekwisha," alisema, akakumbatia karatasi zake na kwenda zake. Nikaenda nyumbani kumwambia Apolena aanze kufunga vyombo.

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Sehemu ya kwanza ilipita, maana mabaragumu yalishikilia tu noti za chini. Katika sehemu ya pili, ya polepole, sisi hunyamaza, na nafasi hiyo niliitumia kusali. Mwishoni nikamwona Řehoř akichomoa mrija mdogo wa baragumu lake na kuchomeka mkubwa. Kila ufunguo una mrija wake: mfupi ni wa A, mrefu ni wa D. Nikadhani amechanganyikiwa.

"Unafanya nini wewe?" nikanong'ona.

"Soma karatasi yako, mzee!"

"Naijua kwa moyo."

"Hiyo huijui."

Nikaangalia. Wino ulikuwa mpya. Menueti ilikuwa imeandikwa katika D, jambo ambalo halifanyiki. Menueti hurudi katika ufunguo wa simfonia yake, kila mtoto wa mwanamuziki anajua hivyo. Neno "haraka" halikuwepo tena. Palikuwa na "taratibu, kwa heshima". Na zile noti zangu zilikuwa zimeshushwa hadi mahali ambapo mdomo wangu uliweza kufika. Ila Bwana Vondra alikwisha kuinua upinde wa fidla yake, nami baragumu langu bado lilikuwa na mrija wa A. Ningepuliza, ningekuwa A peke yangu na wenzangu kumi na watatu wote wako D.

Aliniona. Palepale kiwiko chake kikapiga kiegemeo cha karatasi zake, zikatawanyika zote hadi miguuni pa mabibi waliokaa mbele. Mtu yule mwenye kiburi akapiga magoti. Wigi likamwendea upande, na ukumbi ukacheka.

"Vondra!" akasema Mtukufu. "Umeionja divai kabla ya bata?"

"Samahani, Mtukufu."

Akaziokota moja moja, polepole, huku wakimcheka. Alipoinuka na ya mwisho, mrija mrefu ulikuwa mahali pake kwenye baragumu langu.

Ndipo tukaanza. Menueti ileile iliyokuwa ikirukaruka asubuhi sasa ilitembea, kama mzee anayeshuka ngazi akiwa amevaa nguo zake nzuri. Katikati, fidla ziliponyamaza, mimi na Řehoř tulipuliza peke yetu, chini, kwa sauti nzito yenye joto. Noti zote zilitoka.

Mtukufu hakupiga makofi. "Simfonia iko A," alisema, "menueti iko D. Nani kaihamisha?"

Nilihisi koti likinivuka mabegani.

"Nimekosea, Mtukufu," akajibu Bwana Vondra.

Mtukufu alimtazama, kisha akatazama upande wetu, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Basi lirudie kosa hili," akasema. "Nataka kulisikia mara ya pili."

Baadaye nilikusanya karatasi kuzirudisha kabatini. Zote kumi na nne ziliandikwa kwa mwandiko mmoja uliopinda, wa Bwana Vondra. Hakumpa kazi hiyo mwandishi wa kasri, ambaye hata siri ya supu hawezi kuitunza. Aliandika yote mwenyewe kati ya asubuhi na alasiri.

Nikamkuta kwenye meza yetu ya wanamuziki, vidole vyeusi kwa wino, ameinamia sahani yake, kisu mkononi.

"Bwana Vondra," nikasema, "asante. Umeniokoa mimi na nyumba yangu."

"Funga mdomo," akasema bila kuinua macho. "Pengo linaonekana."

Kisha akanisogezea ile sahani. Bata alikuwa amekatwa vipande vidogo vidogo, vya kumezwa bila kutafunwa. Nikala huku machozi yakinitoka, na wala sikuona haya.