Keki Ndani ya Gari la Mkwe Wangu

Nilisikia kwa muuza mayai. Alikuwa akinipangia trei, mara akasema, bila hata kuinua macho, kwamba kuna mwanamke mmoja alipanda gari lililoinuliwa, akarushwa juu chini, juu chini, akajifungulia kwenye kiti cha mbele kabla hajafika hospitali. Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema hamjui, aliambiwa na mteja. Mteja naye aliambiwa na shemeji yake. Nikabeba mayai yangu nikaenda zangu, lakini yale maneno hayakubaki dukani. Yalinifuata mpaka jikoni. Nachekecha unga, yapo. Napiga mayai, yapo.

Maana binti yangu alikuwa na mimba kubwa, na mume wake ana gari la namna hiyo hiyo.

Mtaani wanaliita Ghorofa. Zamani mkwe wangu alikuwa anachimba visima, anabeba mabomba ya chuma na mashine, ndiyo akaliinua lipite kwenye mawe na makorongo. Siku hizi anatengeneza pampu za maji. Mzigo wake ni sanduku la spana na chupa ya chai. Lakini gari liko vile vile. Kulipanda unataka ngazi, na ukishapanda, kila jiwe la barabarani unalisikia kwenye meno.

Mkunga wa hospitali alituambia wazi: mtoto wa kwanza alitoka kwa kisu, kwa hiyo huyu wa pili asizaliwe nyumbani kabisa. Uchungu ukianza tu, twende. Sasa barabara ya hospitali inakata korongo, na mvua ikinyesha teksi zote zinageuzia pale. Linalovuka ni Ghorofa peke yake. Hapo ndipo tulipokwama. Gari lenye kufika ndilo lenye kurusha watu.

Siku aliyorudi nalo kutoka kliniki, binti yangu alishuka ameshika kiuno, akapitiliza kitandani bila salamu. Nilimfuata na maji ya moto. Akaugeukia ukuta.

"Mama, mimi lile silipandi tena. Bora nizalie hapa hapa."

"Nyamaza. Umesahau alivyosema mkunga?"

"Mkunga hajalipanda."

Usingizi ukaniisha. Nikamwita mkwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Lile gari lako litaniulia mtoto."

"Mama, lile gari ni imara sana."

"Sijauliza uimara. Kinu nacho ni imara, lakini mtu hakai ndani yake."

Akacheka kwa adabu, akainama. Ni mtoto mzuri, tatizo lake ni kulipenda lile dude kama amelizaa. Nikamwambia neno langu. Kazi yangu ni keki, za harusi na sherehe, na keki haina aibu, ikitikiswa inasema. Nitaoka ya ngazi tatu, nisiitie kijiti cha katikati kinachoshikilia. Tutaipeleka mpaka geti la hospitali na kuirudisha. Siku itakayorudi imesimama, mkewe atapanda. Binti yangu akaitikia kutoka chumbani: "Sawa! Ikianguka, msiniite."

Safari ya kwanza mkwe alikunja godoro akaliweka kwenye kiti, akajiona ameshamaliza. Tulipofika kwenye mawe, godoro lilinirusha zaidi, maana nilikuwa napanda na kushuka mara mbili, moja ya gari na moja ya godoro. Ngazi ya juu ya keki ilitua miguuni kwangu. Ya kati ilijibandika dirishani.

"Mama, ya chini imebaki," mkwe akasema.

"Ya chini imegandia sahani! Endesha turudi."

Akaenda kwa rafiki yake muuza vipuri, mmoja wanamwita Msemaji. Msemaji akamshauri afunge shokapu ngumu kuliko zote, yale madude kama pampu ya baiskeli yanayozuia gari lisidundedunde. Eti kitu kigumu ndicho cha kiume. Na matairi ayajaze upepo mpaka yalie. Safari ya pili hatukufika hata korongoni. Nilirudi na krimu kwenye nyusi. Majirani wakala mabaki, wakasifu. Mmoja akaniuliza kama na kesho tunaenda.

"Kesho tunaenda kwa fundi," nikasema. "Na mimi nitakuwepo."

Fundi wao wanamwita Grisi. Mtu wa maneno mengi, kofia kichwani imeshasahau rangi yake. Alipanda nyuma ya gari akaruka ruka kwa uzito wake wote. Gari halikucheza. Akashuka, akamtazama mkwe.

"Siku hizi unabeba nini?"

"Spana, na chai."

"Springi hizi ulifungiwa za kubeba mabomba. Zimekaa zinayasubiri. Mabomba hayaji, kazi yao umempa mkeo!"

Vijana wa gereji wakaangua kicheko. Mkwe akaangalia chini. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo tu.

Grisi akaeleza, na mimi nimeelewa kama ninavyoelewa oveni. Springi ngumu bila mzigo haibonyei, kwa hiyo jiwe linakuja mzima mzima mpaka kiunoni. Tairi lililojaa kupita kiasi nalo ni kama gogo. Basi akapunguza vyuma vya springi za nyuma, akatoa na upepo. Alifurahi mwenyewe, akasema sasa mgonjwa atalala humo. Hakugusa shokapu, akasema hazina neno.

Safari ya tatu mawe hatukuyasikia. Lakini kwenye kona! Gari linalala huku, linalala kule, kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Keki haikuanguka, iliteleza polepole, inaniaga, mpaka ikaegemea mlango. Mimi nilishusha kioo nikatapika. Na kila tukitoka kwenye shimo, chini kulikuwa kunagonga: ko!

Nilirudi gereji nimevaa aproni yangu.

"Fundi, wewe ulitengeneza gari au bembea?"

"Bi Mkubwa, si ulitaka laini?"

"Nilitaka laini lenye akili. Keki yangu ikizidi ulaini inazama. Na hiyo ko ko ni nini?"

Grisi akaingia chini ya gari, akagongagonga kila chuma kwa spana. Akatoka anajikuna shingo. Zile shokapu za Msemaji zilikuwa ngumu, kweli, lakini ni fupi, za gari ambalo halijainuliwa. Gari likinyanyuka kidogo tu zinafika mwisho, zinagonga. Moja ilikuwa imeshapasuka, inamwaga mafuta, ndiyo maana tulikuwa tunaelea. Akakiri alipaswa kuangalia mwanzoni. Zinatakiwa ndefu, za kulingana na ule urefu, zisiwe laini wala ngumu za kujionyesha. Na vile vipira vya kwenye maungio vilikuwa vimeliwa, abadilishe vyote.

"Halafu," akasema, anamwangalia mkwe kwa jicho la pembeni, "tulishushe kidogo. Korongo litalivuka tu. Huu urefu uliozidi ni wa picha."

Mkwe akaweka mkono kwenye boneti. "Litaonekana kama gari la kupelekea watoto shule."

"Na wewe unaenda kuwa na watoto wangapi?" nikamuuliza.

Akauondoa mkono. Akazunguka gari lake lote, akalitazama kila upande, kama mtu anayemnyoa mwanawe nywele kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Shusha, fundi."

Siku ya safari ya nne mvua ilianza asubuhi. Nilikuwa nimeshakaa kwenye gari, keki kitini pembeni yangu, mkwe anatafuta funguo, mara binti yangu akatokea mlangoni amejifunga khanga, ameushika mwimo kwa mikono miwili. Sura yake ilinitosha.

"Mama, teremsha hiyo keki."

"Niiteremshe wapi na mvua hii? Ingia!"

Akaliangalia gari. Akaniangalia mimi. "Nakaa karibu na keki. Ikianguka, nashuka, hata kama ni korongoni. Nimesema."

Mkwe alimpandisha kwa kumshika kiwiko, taratibu, na safari hii haikuhitajika ngazi. Tukaondoka. Sikuomba kwa sauti, lakini midomo ilikuwa inacheza. Binti yangu hakutazama barabara hata kidogo. Aliitumbulia macho ngazi ya juu ya keki, na kila uchungu ukimshika ananikamata mkono, ukimwachia anarudi kutazama. Kwenye mawe gari lilikuwa linameza, linameza. Kwenye kona lililala kidogo, likarudi lenyewe bila kuambiwa.

Korongoni maji yalikuwa mekundu, yanakimbia. Teksi moja imesimama ukingoni, dereva wake anatupungia turudi. Mkwe akatia gia ndogo. Tukashuka, maji yakapiga milango, tairi la mbele likapanda jiwe, na mimi nikafumba macho nikingoja ile ko. Haikuja. Gari lilishuka upande wa pili kama mtu anayekaa kitini.

"Mama," binti yangu akasema.

"Nini? Anatoka?"

"Imesimama."

Nikafumbua macho. Keki ilikuwa imesimama, imeinama kidogo tu, kama anayetusikiliza.

Alijifungulia mahali pa kujifungulia, mtoto wa kiume, mikononi mwa madaktari. Wauguzi waliikata ile keki kwa kisu cha matunda. Mkunga alikula kipande, akaniambia mtoto hatoki kwa kurushwa na gari, hayo ni maneno ya watu, lakini kumtesa mama mwenye kiuno kibovu ni dhambi vile vile. Nikamwambia kipande cha pili ni chake.

Juzi nilikwenda kununua mayai. Muuza mayai akaniinamia: "Umesikia? Kuna mwanamke alizalia juu ya keki!" Nikachukua trei yangu.

Lakini nimeamua kuandika, maana magari ya namna hii ni mengi na wenye kiuno ni wengi. Wenzangu, mwambieni kila mwenye gari lililoinuliwa aepuke haya:

Asibaki na springi za mzigo wakati mzigo haupo.

Asifunge shokapu fupi kwenye gari refu.

Asinunue kitu kwa sababu ni kigumu.

Asijaze matairi mpaka yalie. Wala asiyalegeze ovyo, aulize kipimo cha gari lake.

Asidharau sauti ya ko.

Asisahau vipira vya kwenye maungio.

Asiweke godoro.

Asiliinue kwa ajili ya picha.

Asimpandishe mjamzito kabla hajakaa yeye mwenyewe kiti cha abiria, mtu mwingine aendeshe, kwenye barabara ile ile.

Na asile krimu ya pembeni akidhani mama mkwe haoni.