Mwizi wa Kawaida

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Brashi alikuwa anakoroga rangi kwa waya wa mwavuli uliovunjika, wakati afisa usalama wa halmashauri alipomfikia na karatasi mkononi. Brashi ni jina la kazi. Mama yake alimpa jina jingine, lakini mtu aliyeandika kila kibao cha mtaa ule, kuanzia "Kinyozi" mpaka "Usikojoe Hapa", haitwi tena jina alilozaliwa nalo.

Afisa alimsomea. Halmashauri imeanzisha mpango wa Mtaa Salama. Kila mtaa utachorwa picha moja kubwa ya mhalifu, ili wakazi wamjue adui yao na wakae macho. Ukuta uliochaguliwa ni wa ghala la halmashauri, mkabala na duka la mikate.

"Nimchore nani?" Brashi akauliza.

"Mwizi."

"Mwizi yupi, mkubwa? Hapa mitungi ya gesi imeibwa kumi na mmoja tangu mvua zianze, na hakuna aliyeona hata kisigino."

Afisa aligeuza karatasi upande wa pili, kwani huenda jibu lilikuwa nyuma. Nyuma palikuwa peupe. "Mchore wa kawaida," akasema.

"Wa kawaida yukoje?"

"Fundi, usinisumbue. Umekua mpaka umri huo hujui mwizi alivyo? Saa kumi nakuja kupiga picha."

Basi Brashi akachora. Alichora mwanamume wa miaka thelathini na kitu, masikio yamesimama kidogo, shati la buluu kwa sababu buluu ndiyo iliyobaki baada ya kibao cha zahanati. Alijaribu kumtia ukali usoni, ukali ukakataa kukaa. Chini ya kiuno hakuendelea, maana ukuta ulikuwa na unyevu na lipu inabanduka. Mikono aliiweka nyuma ya mgongo. Kila mchora mabango anajua sababu, na hakuna anayeisema mbele ya mteja: mikono ni shida. Ukikosea uso, unapata uso wa mtu mwingine. Ukikosea mkono, unapata mguu wa kuku. Kwa kazi ya siku moja, mikono hukaa nyuma.

Saa kumi afisa alikuja, akasimama mbali, akafumba jicho moja. "Ana hatia huyu," akasema kwa furaha. "Hasa hiyo mikono."

Alhamisi yule mtu alikuja kununua mkate. Alivaa shati la buluu, na ukosi wa kushoto ulikuwa haujakauka. Alipanga foleni kama watu wengine, mikono nyuma. Chini ya kiuno alivaa suruali, ila hakuna aliyeweza kusema ilikuwa ya rangi gani, hata akiwa anaitazama.

"Ukutani umetoka vizuri," mama wa mikate akamwambia.

"Asante, mama."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo."

Mkate ukatolewa, ukabaki mezani. Mtu yule aliutazama. Nyuma yake alikuwa mama yake Brashi, mwanamke asiyependa foleni isimame. Akauchukua mkate, akaubana chini ya kwapa la yule mtu, akauliza, "Mikono yako ina nini?"

"Ipo nyuma, bibi. Ndivyo nilivyotoka."

"Na jina?"

"Sijapewa. Nilisikia afisa aliagiza wa kawaida."

Tangu hapo akaitwa Kawaida.

Jioni ile mama alimkuta Brashi anaosha brashi zake, akamsimamia kichwani. "Mtu umemleta duniani, halafu unamwacha amesimama juani na mkate kwapani asioweza kuula?"

"Mama, mimi nilichora tu."

"Na mimi nilizaa tu. Nilikuacha?"

Kawaida akahamia chumba cha makopo ya rangi. Mama alimlisha kwa kijiko, akimgombeza anapomwaga, na yeye akimwita bibi. Alijifunza kufungua mlango kwa bega na kubeba ndoo ya maji kichwani, mradi apatikane wa kumtwika. Kilichomshinda ni kona ya bomba. Pale ukuta wa ghala hauonekani tena, na kila alipokaribia, kingo zake zilianza kufifia, kuanzia masikioni. Basi alirudi. Upande wa juu alifika mpaka kwa kinyozi, upande wa chini mpaka bombani, hatua mia mbili na kumi. Alizihesabu mwenyewe. Hakuwa na kitu kingine cha kuhesabu.

Wiki ya pili mtungi wa kumi na mbili uliibwa, wa muuza chai, na Jumamosi alasiri mwenyekiti wa kamati ya usalama akapiga filimbi. Mwenyekiti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, lenye banda kubwa nyuma, na filimbi ilikuwa shingoni mwake siku zote, hata anapokula. Wakazi wakakusanyika mbele ya ukuta. Kawaida akasimamishwa chini ya picha yake. Watu wakatazama juu, wakatazama chini.

"Ndiye," wakasema.

Brashi akasimama. "Ndiye nini? Tangu aje, mama yangu ndiye anayemlisha. Mtungi wa gesi anaubeba kwa kitu gani huyu? Kwa masikio?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akawasubiri, kwa subira ya mtu aliyejikinga mvua. Kicheko kilipoisha akamgeukia Kawaida. "Mwenye mikono safi huionyesha. Hebu tuonyeshe yako."

Kawaida akajaribu. Mabega yakatetemeka, jasho likamtoka, nalo lilikuwa buluu kidogo. Mikono haikuja mbele.

"Mnaona?" mwenyekiti akauliza.

Wakaona. Afisa usalama akaandika: mtuhumiwa amekataa kuonyesha mikono. Kawaida akapewa mpaka Jumatatu aionyeshe.

Jumapili Brashi alipanda ngazi na kopo la rangi ya ngozi. Alikuwa hajachora mkono wa maana tangu alipokuwa chuoni, na mwalimu wake alisema ulifanana na tangawizi. Safari hii mama alikaa kwenye kigoda chini ya ngazi, viganja juu, bila kusogea, akilalamika kuwa mgongo unamuuma na kwamba angejua angemzaa mshonaji. Brashi akachora alichokiona: vidole vifupi, mafundo ya mtu aliyefua maisha yake yote, kovu la moto kwenye dole gumba. Viganja vinatazama barabara, vitupu kabisa.

Kawaida alisimama kando. Kila kidole kilipokwisha ukutani, kidole chake kilikuja mbele. Cha kumi kilipokwisha, jambo la kwanza alilofanya ni kujikuna pua, ambayo ilikuwa ikimwasha tangu Alhamisi ya mkate. Alijikuna mpaka machozi yakamtoka. Kisha alifungua kifungo cha shati, akakifunga, akakifungua tena. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, ya mwanamke mzee, akanywa bila kusaidiwa, na mama akageuka kutazama pembeni kwa sababu alikuwa na kazi ya kutazama pembeni.

"Kovu hilo," mama akamwambia baadaye, "nililipata nikiepua sufuria. Litunze."

Jumatatu Kawaida alisimama mbele ya mtaa mzima akaonyesha viganja vyake. Mwenyekiti aliviangalia kwa makini, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Sasa ana mikono," akatangaza. "Na mtu huiba kwa kutumia nini, ndugu zangu?"

Afisa akaandika: mikono imepatikana. Pingu zikamkaa vizuri. Wakamweka katika kibanda cha ulinzi chini ya ukuta. Mlango hawakuufunga, kwa kuwa kila mtu alijua hatua zake ni mia mbili na kumi.

Siku iliyofuata Brashi alienda dukani kwa mwenyekiti kununua tapentaini ya kuoshea brashi. Mwenyekiti aliingia bandani kuitafuta, akaacha mlango wazi. Mle ndani, nyuma ya mifuko ya chokaa, mitungi ya gesi ilipangwa mistari mitatu. Wa mbele ulikuwa na maandishi mekundu: MUUZA CHAI. Brashi hakuhitaji kusogea. Katika mji ule mzima ni mtu mmoja tu anayeandika Z yenye mkia.

"Mwenyekiti," akasema, "hiyo Z ni yangu."

"Z ni ya watu wote," mwenyekiti akajibu, akaiweka tapentaini juu ya kaunta.

"Nitasema."

"Kaseme. Mdomo ni wako, sikuzuii." Alifuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu. "Ila ukisema, fikiri mpaka mwisho. Kama mwizi si yule, picha ni ya uongo. Halmashauri haiweki uongo ukutani, fundi. Picha ya uongo hupakwa chokaa. Na chokaa mimi ninayo."

Brashi alichukua chupa yake. Alipita duka la mikate bila kuitika salamu, akaingia kibandani, akamweleza Kawaida yote, neno kwa neno, maana uamuzi ulikuwa wake.

Kawaida alisikiliza akiwa anageuza ile mikono ndani ya pingu. "Chokaa inauma?" akauliza.

"Sijui. Sijawahi kupakwa."

"Hapana, hujawahi."

"Nitakuchora kwingine. Ukuta wa kinyozi, ukuta wetu, hata leo. Bila pingu, bila kuitwa mwizi. Miguu nitakutia."

"Utamchora mwingine anayefanana na mimi. Huyo atatembea, nami nitafurahi kwa ajili yake, kama kuna kufurahi chini ya chokaa." Akajikuna pua, pingu zikalia. "Fundi, niache nibaki mwizi."

"Lakini hukuiba."

"Sikuiba. Ila nipo."

Brashi alikaa kwenye kizingiti mpaka duka la mikate likafungwa. Nyumbani mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alimpakulia, akakaa naye, na wote wawili hawakula.

Mwezi uliofuata mtaa ulipewa ngao ya usalama na halmashauri, kwa kuwa ndio pekee uliomkamata mhalifu wake. Brashi aliitwa kuandika maneno ya ngao, akayaandika. Wizi haukukoma. Mtungi wa kumi na tatu ulikwenda, wa kumi na nne ukaufuata, lakini sasa aliyeibiwa alijua pa kwenda. Alivuka barabara mpaka kibandani, akasimama mlangoni, akatoa yake ya moyoni.

"Hukuona hata haya? Mimi mjane, mtungi wenyewe nimeununua kwa kuuza kitanda!"

"Nisamehe, mama," Kawaida alijibu.

"Na mtoto anaumwa!"

"Nisamehe sana. Anaendeleaje sasa?"

"Afadhali kidogo."

Aliyeibiwa akarudi kwake moyo umetulia, akawasha kuni. Kinyozi alimsemea mbovu kwa robo saa, kisha akamnyoa bure kwa kuwa nywele zilikuwa zimemfika masikioni. Afisa alipokuja kukagua aliandika: wakazi wameridhika.

Mtungi wa kumi na tisa ulikuwa wa mama yake Brashi. Asubuhi moja mpira wa gesi ulikuwa unaning'inia jikoni bila kitu, na sufuria ya chai imekaa juu ya jiko baridi. Mama aliutazama mpira ule, akavaa kanga yake ya kutokea, akakaa.

"Nenda kwake," akasema.

"Mama, unajua kabisa uko wapi."

"Najua. Hata mstari ulimopangwa nauona. Lakini majirani wote wameibiwa wakaenda kumgombeza. Sisi tukiibiwa tukanyamaza, watauliza tunajua nini. Wakishauliza, chokaa haiko mbali." Alifunga fundo la kanga kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. "Nenda, mwanangu. Na useme kwa sauti."

Brashi akatoka. Foleni ya mikate ilikuwa ndefu, na habari ilikuwa imemtangulia, kwani watu walimpisha njia bila kuombwa. Mwenyekiti alikuwemo katika foleni, filimbi kifuani, sarafu zake tayari mkononi. Brashi alivuka barabara, akasimama mbele ya kibanda.

Kawaida alikuwa ameketi, ile mikono imelala juu ya magoti. Alipomwona akataka kutabasamu, kisha akaona watu nyuma yake, akaacha.

"Na nyinyi?" akauliza polepole.

"Na sisi."

Akainamisha kichwa. Vidole vyake vilijikunja, vikakunjuka. Ng'ambo ya barabara foleni nzima iligeuka.

"Nisamehe, fundi," Kawaida akasema, kwa sauti ya kufika mpaka mezani kwa mama wa mikate.

Brashi alikuwa amefungua mdomo kabla hajajua atasema nini. Rangi ilikuwa imekaukia kwenye kucha zake, akaibandua kidogo, akaiacha.

"Nimekusamehe," akasema, naye akaisukuma sauti yake ifike huko huko.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Mama wa mikate akamwita mteja anayefuata.