Honi ya Wakubwa

Fredy fundi alikuwa amepiga goti vumbini, kichwa chini ya tangi la pikipiki, na Maganga alikuwa anazunguka zunguka juu yake, mara huku, mara kule.

"Unganisha tu, Fredy. Jua linakwenda."

"Nikiunganisha bila rilei utaunguza swichi. Waya wako ni wa honi ya kufukuzia kuku. Hii lazima ivute umeme kwenye betri yenyewe."

Hii ilikuwa honi iliyong'olewa kwenye gari bovu la mgodi. Maganga aliipata kwa kutoa simu yake. Ilikuwa na sauti nene yenye mkwaruzo mwishoni, na Fredy alipoibonyeza, mzee mmoja mwenye baiskeli alijitupa mtaroni akavua kofia kabisa. Alipoona ni bodaboda akatukana mpaka akaishiwa. Maganga alicheka, kisha akaona haya.

Hakuifunga kwa ajili ya kutisha wazee. Mbuke, mkewe, mwezi wake ulikuwa umefika, na mimba ya kwanza iliishia kwenye geti la mgodi. Mgodi ulipopanuka ulimeza barabara ya hospitali. Wanakijiji wakaachiwa njia ya kuzunguka mlima, makorongo matupu, ambayo mvua ikinyesha hata ng'ombe wanaikataa. Wagonjwa mtapita getini, waliambiwa mkutanoni, soda zikigawiwa. Mwaka ule Mbuke alipozidiwa, wakaambiwa wasubiri mkubwa atoke kwenye kikao aje kutoa ruhusa. Alipotoka, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Kijiwe cha bodaboda kilitazamana na geti hilo, na Maganga alikuwa na macho. Malori yakipita, vumbi linafunika kila kitu, na Nasibu mlinzi hangoji kuona. Akisikia honi nene ya magari ya wakubwa, fupi mbili na ndefu moja, anavuta kamba, bomba la kizuizi linapanda, anapiga saluti kuelekea kwenye vumbi. Mwenzake alifukuzwa kazi kwa kumchelewesha mkubwa. Kwa kumchelewesha mjamzito hajafukuzwa mtu.

Uchungu ulianza mchana, siku mbili baadaye. Serafina, jirani aliyezalisha nusu ya kijiji, alitoka ndani akifuta mikono.

"Mtoto amekingama tumboni. Huyu simuwezi, mpeleke."

Wakampakia Mbuke katikati, Serafina nyuma amemkumbatia. Getini Maganga aliyaacha malori matatu yatangulie, vumbi likapanda, akabonyeza. Fupi, fupi, ndefu.

Bomba likapanda.

Walipompita Nasibu, mkono wake ulikuwa bado kwenye paji la uso. Aliwaona. Macho yao yaligongana, na Nasibu hakupiga filimbi wala hakushusha mkono.

Barabara ya mgodi ilikuwa laini kama sakafu ya kanisa. Maganga alibonyeza tena, na lori kubwa kuliko nyumba yake likajibana pembeni kumpisha. Mbuke alicheka katikati ya maumivu, na Maganga akajisikia mtu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule.

Kwenye geti la pili, gari jeupe lilikuwa limeziba njia. Bartholomeo, mkuu wa ulinzi, alishuka taratibu.

"Honi hiyo umepewa na nani?"

"Shikamoo mkuu. Mke wangu..."

"Nimeuliza honi."

"Nimefunga mwenyewe. Hospitali ile pale mkuu, paa lile la bluu."

"Naijua. Umejifanya gari la uongozi, umeingia eneo la mgodi bila kibali. Zima pikipiki."

Serafina akashuka. "Baba, huyu mfungeni mtakavyo. Sisi tupakie kwenye gari lako."

"Gari hili halina bima ya abiria, mama."

"Basi tutatembea."

"Kutembea kwa miguu ndani ya mgodi hairuhusiwi. Mtu akigongwa hapa, nani atajibu? Tunajali usalama wenu." Akanyoosha kidole kwenye kivuli cha kibanda. "Kaeni pale. Nimeita gari la wageni."

"Mayu!" Mbuke alilia kwa Kisukuma, akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Maganga alipiga magoti. Alisema kila neno la kubembeleza alilolijua, na mlinzi mmoja akaendelea kukata waya za honi kwa koleo, kwa uangalifu, asiharibu kitu.

Gari la wageni lilifika kivuli kikiwa kimehamia upande wa pili. Lilikuwa na bima. Hospitali walimwokoa Mbuke. Mtoto, wa kiume, walimrudisha amefungwa mpaka usoni kwenye khanga ya Serafina.

Nasibu alifukuzwa wiki hiyohiyo. Sasa anashinda kijiweni na vijana wa bodaboda, hana la kufanya, na Maganga humpa nafasi ya kukaa kwenye benchi bila kumsemesha.

Mbuke amepona. Anakwenda shambani, anapika, anajibu akiulizwa.

Asubuhi moja Maganga alikuwa anampeleka abiria sokoni, mawazo yako mbali, honi ikalia nyuma yake: fupi, fupi, ndefu, na mkwaruzo ule mwishoni. Gari jeupe la Bartholomeo likampita kwa kasi, na mbele kule bomba la geti lilikuwa tayari liko juu.

"Vipi, mbona umesimama?" abiria aliuliza.

Maganga alitazama chini. Pikipiki ilikuwa mtaroni. Kofia yake alikuwa ameishika mkononi.