Magurudumu Makubwa ya Gari la Daktari

Tarehe 9 Juni, asubuhi ya manyunyu. Daktari, mteja wetu, alileta gari lake la zamani la spoti tulifunge magurudumu makubwa. Kaka yangu, mwenye gereji, alinipa kazi hiyo, ya kwanza kwangu peke yangu. Nikikosea, narudi kuosha vipuri.

Nilipoyafunga, nilipima kwa kamba nafasi kati ya tairi na bodi, kama tulivyofundishwa darasa la jioni la ufundi.

"Kaka, haya yatakwaruza bodi."

"Mbona yameingia vizuri, profesa?" kaka akauliza. Mafundi wakacheka.

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha nikasema, "Gari tupu linadanganya, likibeba watu linashuka. Nyinyi wawili wenye vitambi, ingieni!"

Nilipokata usukani hadi mwisho, tairi lilisaga bodi, krrr. Kicheko kikakatika.

Nilifunga matairi mengine kwenye rimu zilezile, yenye ubavu mfupi yasiyofika kwenye bodi. Wenye vitambi wakaingia tena. Safari hii usukani ulizunguka kimya. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kifua mbele.

Kaka alijifuta grisi, akawatazama daktari na mafundi wote.

"Sikilizeni wote! Kuanzia leo, halitoki gari hapa kabla dada yangu hajalipima. Naahidi."